Kishikwambi cha Severina na siri ya sare

Saa tatu asubuhi, sokoni Kiomboi, Severina Mkumbo anasimamisha cherehani, anafuta chaki vidoleni na kuchukua kishikwambi cha inchi saba chenye ufa pembeni. Hampi mteja wake Belinda, bibi harusi mtarajiwa ambaye hatulii kwenye benchi. Anampa bibi yake Belinda, kwa mikono miwili.

"Mkubwa ndiye anayeanza kuchagua mshono," anasema Severina. "Kisha kinashuka kwa mama, kwa mashangazi, mpaka kwa bibi harusi. Kikimfikia, maskini, ameshachaguliwa."

Wanawake wanacheka. Belinda hacheki sana.

Severina, mwenye miaka 43, ameshona kwa miaka kumi na tisa. Kishikwambi hicho alikinunua mtumba kwa shilingi 90,000. Hakina laini. Ndani mna picha za mishono tu.

Jirani yake, fundi simu Zefania, kinamkera kabisa. "Dada, simu yako ina inchi karibu saba na picha zake zinang'aa," anasema. "Vioo viwili vya nini? Hivi vidogo vimepitwa na wakati. Hata betri yake mpaka niagize Singida."

Ukipima kwa futi, Zefania hajakosea. Severina naye aliamini hivyo. Mwaka jana alinunua simu kubwa, akakifungia kishikwambi kabatini. Hapo ndipo mambo yalipoingia nyongo.

Ilikuwa Agosti, watu wameshauza alizeti na harusi zimepamba moto. Koo mbili zinazooana zilimpa kazi ya sare, kila upande ukificha rangi yake. Asiyejua harusi za huku atadhani ni mchezo. Si mchezo hata kidogo. Wanawake wanaweza kununiana miaka kwa sababu ya kitenge.

Shangazi wa bwana harusi alikuwa ameishika simu ya Severina, anachagua mshono, mara ikaingia picha. Ilitoka kwa Mama Yunisi, mama mkubwa wa bibi harusi. Ilionyesha kitambaa cha zambarau, na chini yake maneno: "Hiki ndicho. Funga mdomo."

"Shangazi alinirudishia simu akitabasamu," anasimulia Severina. "Nikajua nimekwisha."

Siku ya harusi koo zote mbili ziliingia kanisani na zambarau. Hata hivyo, sare za upande wa bibi harusi hazikushonwa na Severina. Mama Yunisi alikuwa amesikia mapema kwamba siri imevuja, akaja na kuchukua vitambaa vyote kumi na viwili, na vipande vilivyokwisha kukatwa.

"Aliniambia, 'Kitambaa ningeweza kununua kingine. Aibu yangu nitainunua wapi?' Maji yakimwagika hayazoleki."

Tangu hapo ukoo ule haukurudi. Sare za ukoo mmoja humwingizia kama laki tatu, lakini si fedha inayomuuma zaidi. Mama Yunisi ndiye aliyempa oda yake ya kwanza, wakati hakuna aliyemjua.

Kishikwambi kikatolewa kabatini. Betri yake imechoka, hivyo hukichomeka kwenye umeme mchana kutwa, na wateja hukipokezana na waya wake. "Simu haijui iko mikononi mwa nani," anasema. "Hiki nampa yeyote, na moyo wangu umetulia."

Nikiwa bado naandika hayo, Belinda na watu wake wakiwa wameshaondoka, anaingia mwanamke mrefu mwenye mfuko kwapani. Severina anasimama ghafla, mkasi unaanguka.

"Shikamoo, Mama Yunisi."

Zefania, mlango wa pili, anaacha kazi yake.

"Marahaba." Mgeni haketi. "Mjukuu wangu ana kipaimara. Ile simu yako iko wapi?"

Severina anaitoa mfukoni, anaizima, anavuka na kumkabidhi Zefania. Anarudi, anachukua kishikwambi, anakipangusa kwa kanga yake, anakitoa kwa mikono miwili.

Mama Yunisi anaketi. Anapekua picha taratibu, anafika mwisho, anaanza upya. Hakuna kinacholia, hakuna kinachoingia. Hatimaye anafungua mfuko na kuweka mezani kitambaa cheupe.

"Vipimo vyangu bado unavyo, au ulichana?"

Severina anafungua daftari. Ukurasa upo, umekunjwa pembe. "Sikuweza kuchana, mama."

Baadaye ataniambia mpango wake: akimaliza kazi hii ataagiza betri mpya Singida, na simu itabaki ya kupigia tu.

Lakini sasa Mama Yunisi amesimama, ameinua mikono ili apimwe.

"Pima upya," anasema. "Mwaka mzima nimevaa nguo za fundi mwingine. Zote zinanibana."