Kichaka cha Balbina

Watu wa Mlabani walimcheka Balbina kwa jambo moja: mchana kutwa alikuwa juu ya dungu la shambani akiamia ndege wasile mpunga, na jioni akirudi nyumbani anawatekea maji ndege haohao. Yeye hakuona kichekesho. Alikuwa amechoka mno kucheka.

Mumewe, Kelestini, alikuwa mvuvi, na watu wa kwenda upande wa Lupiro aliwavusha mto kwa mtumbwi wake. Masika fulani kiboko aliibuka chini ya mtumbwi, akaupindua, akambana Kelestini kwenye gogo. Wenzake walimwopoa akiwa hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini mwili haukuwa wake tena. Hospitali walimtunza mpaka vidonda vikafunga, kisha wakamwambia Balbina ukweli: hatasimama. Akamrudisha nyumbani kwa machela, akamtandikia kitanda cha kamba kando ya dirisha la nyuma.

Nyuma ya nyumba, ukiacha mpera na migomba michache pembeni, palikuwa peupe. Balbina alifagia uwanja kila alfajiri mpaka udongo ukang'aa, kwa kuogopa nyoka. Basi Kelestini, mtu aliyezoea mto usiotulia, akawa analala akitazama udongo mtupu. Mwanzoni alizungumza. Baadaye akanyamaza, na sahani ya ugali ikawa inarudi imemegwa pembeni tu.

"Umeona nini leo?" Balbina alimwuliza jioni moja, akiwa bado na kapu kichwani.

"Nimeona ulivyofagia," akajibu.

Neno hilo lilimchoma. Asubuhi iliyofuata alishika ufagio, akaurudisha ukutani, akaenda shamba. Majani yakaota. Siku alipotaka kukata ua la mgomba, kama watu wanavyolikata mkungu ukishatoka, Kelestini alimpigia kelele dirishani: "Liache! Kuna ndege, chozi, anakuja hapo kunyonya." Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kuita abiria mtoni. Balbina akaliacha.

Tangu hapo, kila alikotoka alirudi na kitu. Akachimbua matete kando ya mto Lumemo, akayapanda pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Mapera hakuyachuma yote. Kitako cha mtungi uliovunjika alikifukia ardhini, akawa anakijaza maji. Tetere wakaja kunywa. Minana wakasuka viota kwenye matete, wakigombana kutwa kama wake wenza. Akaja hata kenge, mwizi wa mayai, na Kelestini akamtukana kwa Kindamba mpaka jirani wakasikia. Sasa jioni alikuwa na habari za kusimulia: nani kajenga, nani kaibiwa, nani kafukuzwa na mkewe. Na alikula.

Balbina alisikiliza huku miguu inawaka. Maji yalitoka kisimani kwa kichwa chake, hakuna kichwa kingine. "Hata ndege nao wananituma," alinung'unika, lakini alikwenda.

Kisha ukaja mwaka wa kweleakwelea. Walitua mbugani kama wingu lililochoka kuwa angani. Wanawake walipiga madebe, wakavuta kamba, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Wakiwafukuza huku, wanatua kule. Mashuke yakabaki makapi. Jioni moja Leodegar, ambaye shamba lake lilipakana na la Balbina, alikuja na panga.

"Shikamoo, kaka," alisema dirishani, kisha akamgeukia Balbina. "Shemeji, mimi sina ugomvi. Lakini tunawafukuza kule, wewe unawakaribisha huku. Kichaka hiki kikatwe."

Balbina alitaka kusema kwamba kweleakwelea hawalali karibu na nyumba, wanalala kwenye matete ya mbugani. Lakini minana je? Hao aliwaona kwa macho yake wakitoka kwake na kutua kwenye mpunga. Nusu ya maneno ya Leodegar ilikuwa kweli, na nguvu ya kupigania nusu nyingine hakuwa nayo.

"Kata, mama Tekla," Kelestini alisema kutoka ndani. "Kata yote. Nimekuchosha vya kutosha."

Alichukua panga mkononi mwa Leodegar, akaanza na matete. Viota vilianguka, vingine vina makinda. Minana walizunguka juu wakilia, naye akakata bila kuinua uso. Alipofika kwenye mpera na migomba, mkono ukagoma.

"Hapa basi," alisema. "Humu hamna anayekula mpunga wako. Akiwemo, njoo umkamate mwenyewe."

Leodegar alitazama dirishani. Kelestini alikuwa amejifunika blanketi mpaka usoni. Leodegar aliinama, akafunga matete yaliyokatwa, akayabeba akaenda nayo.

"Umelia?" Kelestini aliuliza Balbina alipoingia.

"Jasho."

"Ungekata tu yote. Mimi kulala nimeshazoea."

"Mimi sijazoea kukutazama umelala hivyo," akasema, akaenda kuwasha moto.

Mwaka ule walikula mihogo aliyoileta binti yao Tekla kutoka Malinyi, alikoolewa. Mwaka uliofuata mpunga ulikuwa wa wastani. Kelestini alifariki msimu mwingine wa mavuno, asubuhi, Balbina akiwa dunguni. Aurelia, mke wa Leodegar, ndiye aliyekimbia kumwita, na ndiye aliyesafisha mbele ya nyumba kwa ajili ya waombolezaji. Aliuliza kama afyeke na nyuma. "Paache," Balbina alisema.

Hakupaacha kwa kukusudia jambo lolote. Hakuwa na mikono tu. Mvua zikaja, visiki vya matete vikachipua, mbaazi na magugu vikashikana, na ndege wakawa wengi kuliko siku zote alizohangaika nao. Aliwasikia akipika, asijue yupi ni yupi. Aliyewajua mmoja mmoja alikuwa Kelestini. Yeye Balbina maisha yake yote alijifunza kuwafukuza.

Mpunga ulipoanza kubeba, Tekla alikuja tena. Alimtazama mama yake akifunga kanga kiunoni, akashuka ngazi ya mlango, akamnyang'anya kombeo.

"Leo naamia mimi, mama."

Balbina hakubisha. Alitandika mkeka nyuma ya nyumba, penye ubaridi wa migomba, akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.