Rangi Iliyokaa Kimya

Pale ofisini kwetu, ghorofani juu ya duka la vioo, mwenzetu mmoja wa kike tulimwita Kinyonga, naye aliitika bila kinyongo. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuandika programu za maghala na zahanati. Kazi iliyokuwa moyoni mwake ilikuwa nyingine kabisa: alikusanya majina ya rangi.

Kompyuta haijui nyekundu wala manjano. Kila rangi kwake ni msimbo wa herufi na tarakimu. Mtengeneza programu akitaka kumwandikia mtu "umechagua shati la rangi fulani", hana jina la kumpa, ila la kigeni au yale machache tunayoyarudia kila siku. Kinyonga alisema lugha yetu si maskini, wavivu ni sisi. Akaufungua mkusanyo wake mtandaoni ukawa kama kisima cha mtaa. Mwenye kiu achote, mwenye jina alilete. Ukiupa msimbo wowote, unakurudishia jina lake, na kama halipo, la rangi iliyo jirani yake kabisa.

Majina yakaja kwa fujo. Yalitangulia ya zamani, damu ya mzee na maji ya kunde, yakafuata mapya: kutu ya bati, koo la njiwa, jino la mvuta sigara. Fundi cherehani mmoja alituma "kucha iliyobanwa na mlango", tukacheka mpaka wakata vioo wa chini wakagonga dari kutunyamazisha. Kinyonga naye alicheka, halafu akaisogeza kompyuta yake penye mwanga wa dirisha.

"Kucha ya leo au ya juzi?" akauliza. "Maana hubadilika."

Hakuwa akitania. Rangi mbili zikikaribiana, alizitenganisha kama refa. Ukimwambia "Ah, si ni buluu tu hiyo," alikutazama kana kwamba umemtukana marehemu. Sisi tulidhani ni tabia za watu wa kompyuta, kila mmoja na wazimu wake.

Meza ya pili kutoka kwake alikaa Baba Pacha. Macho yake yalizaliwa na kasoro: kijani na nyekundu kwake ni ndugu, na rangi iliyo kati ya kijani na buluu huiona kijivu. Mabinti zake mapacha walikuwa wamechoka kumwambia ipi ni nguo ya nani. Basi akatengeneza programu: unaielekeza simu kwenye kitu, nayo inatamka jina la rangi, kutoka kwenye mkusanyo wa Kinyonga.

Siku ya kuijaribu alikuja na gauni la binti yake. Simu ikasema vizuri kwenye pindo, ikasema vizuri kwenye kola. Ilipofika kwenye mkanda, ikanyamaza. Akaipeleka kwenye mkono wa gauni, ikasema. Akairudisha kwenye mkanda, kimya.

"Dada, hapa pana nini?" akauliza. "Inakaa kimya kama imemwona mtu."

Kinyonga aliondoa mikono kwenye kibodi. "Hapana kitu."

"Mbona haisemi?"

"Nimeiambia isiseme."

Baba Pacha alidhani ni mzaha. Mkusanyo ni wa wazi, hata maelekezo yake kila mtu anaweza kuyasoma, kwa hiyo akayafungua palepale. Kweli, palikuwa na amri moja fupi: kijisehemu kile kidogo, kati ya kijani na buluu, kisirudishe jina lolote. Akaona pia kwamba watu wengi, wa karibu na wa mbali, walikwisha kuona pengo lile na kuliletea majina. Yote yalikataliwa bila sababu.

"Kisima cha mtaa," akasema akicheka, "halafu kumbe kuna kona imefunikwa!"

Kinyonga alichukua mkoba wake akatoka. Ilikuwa mchana mweupe. Baba Pacha akamfuata, akamkuta ameketi kwenye ngazi, paji la uso ukutani, chini kukisikika mlio wa kioo kinachokatwa. Pale ngazini ndipo Kinyonga aliposema jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote kati yetu.

Alikuwa na mdogo wake wa kike. Nyumbani walimwita Kidoti. Siku moja mama aliwapeleka wote wawili sokoni, akainama kumjaribisha Kinyonga viatu, akamfunga kamba, akainuka. Kidoti hakuwapo.

"Alikuwa amevaa nini?" askari aliuliza.

"Sweta."

"Rangi gani?"

"Buluu," mama akasema.

Basi ikatangazwa buluu, kwenye redio, misikitini, makanisani, kwenye kila nguzo. Wiki ikapita ndipo muuza ndoo mmoja akaja nyumbani, kofia mkononi. Alikuwa amemwona mtoto, ameshikwa mkono na mtu mzima, wakielekea barabarani. "Lakini yule alivaa kijani," akasema. "Ninyi mlitangaza buluu. Nikajua si yeye."

"Nilikwambia!" baba alimgeukia mama. "Lile sweta lilikuwa kijani!"

Kuanzia hapo nyumba iligawanyika. Kinyonga alikulia ukutani, sikio lake kwenye matofali, akisikiliza buluu na kijani vikipigana, mpaka neno rangi lenyewe likawa halitamkwi mezani. Baba alikufa na kijani chake. Kidoti hakuonekana tena, si mzima, si mfu.

"Mimi lile sweta naliona," Kinyonga alimwambia Baba Pacha. "Kila siku naliona. Likianikwa kwenye kamba ya mtu, kwenye mlango wa duka. Juzi nimemfuata mwanamke mtaa mzima kwa ajili ya mtandio wake, mpaka akageuka, 'Dada, una shida gani na mimi?' Rangi ile siwezi kuipa jina. Nikiipa jina lisilo lake, nimempoteza mara ya pili."

Baba Pacha alilikunja gauni la binti yake mapajani. "Na mama anasemaje?"

"Hatujawahi kuzungumza."

"Kuuliza si ujinga, dada yangu. Nenda."

Alikwenda Jumapili. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Kinyonga akamwekea simu mbele, kioo kizima kimejaa rangi ile, hakuna neno lolote juu yake. Hakuhitaji kueleza. Mama aliweka ungo chini, akafuta mikono, akaitazama kwa muda mrefu.

"Siyo," akasema.

"Mama, itazame vizuri."

"Sweta nimelifuma mwenyewe, leo unifundishe? Uzi wa buluu ulinipungukia. Nikaushika pamoja na wa kijani, nikafuma nyuzi mbili kwa mpigo. Ukilikaribia unaziona zote. Ukiwa mbali, jicho lako linachagua."

Kinyonga aliifunika simu mezani. "Kwa nini hukumwambia askari?"

"Aliuliza rangi gani. Hakuuliza ngapi." Mama akauvuta ungo, hakuugusa mchele. "Mdomo ulikuwa umekauka, mwanangu, nikatoa neno lililokuwa karibu. Na baba yako hakukosea. Nilijua hakukosea. Nikashindwa kumpa hilo neno, mpaka tukamzika."

Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa meza, halafu upande mmoja.

Jumatatu Kinyonga aliifuta ile amri mbele yetu. Rangi aliyoilinda miaka yote haikuwa ya mtu. Macho yake ya kitoto ndiyo yaliyozikoroga nyuzi mbili kuwa rangi moja. Akachukua majina mawili kati ya yale aliyoyakataa, akabadilisha mkusanyo mzima ili msimbo mmoja uweze kubeba majina zaidi ya moja na kuyarudisha yote. Watumiaji wengine walilalamika kwamba programu zao zimevurugika. Aliwajibu mmoja mmoja, kwa upole, na hakurudi nyuma.

Nisiseme amepona. Bado hukatisha mazungumzo barabarani, macho yakimfuata mtu. Lakini sasa huenda kwa mama yake kila Jumapili, na humo ndani Kidoti hutajwa kwa jina.

Mama naye aliomba awekewe ile programu. Alizunguka nayo nyumba nzima akiielekeza kwenye sufuria, pazia, visigino vyake mwenyewe, akicheka majina. Mwisho akasimama sebuleni, akaielekeza mlangoni, palipokuwa wazi na patupu.

Simu ikasita. "Jivu la asubuhi," ikasema.

"Umesikia? Imeona kitu."

"Ni ukuta wa jirani, mama."

"Najua," mama akasema. Lakini hakuishusha simu.