Kibuyu Kilichorudi na Viazi

Boksi lilirudi Jumatatu, na ndani yake, chini ya kibuyu nilichokuwa nimeuza, kulikuwa na viazi. Nilidhani karani wa ofisi ya vifurushi amechanganya mizigo ya watu. Lakini viazi vilikuwa vimeoshwa vikatakata, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha gazeti.

Mimi ni fundi wa mbao, na karakana yangu iko Munyaka. Vitanda vilipokataa kununuliwa niliingia mtandaoni kuuza mapambo ya nyumba, vibuyu vikiwemo. Nilivinunua sokoni kwa gunia, nikavipiga msasa, nikavipaka vanishi hadi vikang'aa, kisha nikavipiga picha mbele ya pazia jeupe la mke wangu. Chini ya picha niliandika: "Kibuyu cha maziwa, original." Hilo neno la maziwa niliweka kwa sababu linavutia macho. Nilijua vyote vinaenda kukaa juu ya kabati la televisheni. Wazazi wangu walihamia huku kutoka upande wa Mlima Kenya, na duka letu liliuza maziwa ya pakiti. Nimezaliwa hapa Eldoret, mursik, yale maziwa yaliyoganda ya kibuyuni, nimekunywa kwenye sherehe nyingi za majirani, lakini sikuwahi kuuliza maziwa hayo yanatengenezwaje.

Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa Ainabkoi. Ujumbe wake ulitangulia boksi: "Fundi, kibuyu yako imeharibu maziwa yangu. Nakurudishia. Nitumie ingine haraka."

Sipendi kabisa kuambiwa kazi yangu ni mbaya. Nilikimulika kibuyu kwa tochi ya simu. Ndani kilikuwa cheusi tii, kinanuka moshi na rangi. Nikapandwa na hasira. Nilimwandikia kwamba kilitoka kwangu kikiwa safi, amekichoma mwenyewe, na sasa anataka nimpe kingine. Alijibu, "Ati nimechoma?"

Ningeyaacha hapo, kama si vile viazi. Mke wangu alisema ni hongo. Mimi nilijiuliza ni tapeli gani anayekaa chini kukuoshea viazi. Nilipiga randa nikiviangalia, nikala chakula cha mchana nikiviangalia, na kabla ya saa kumi nilishindwa kuvumilia nikampigia simu.

"Mama, hivi viazi ni vya nini?"

"Si ni zako? Kwani ningekurudishia chombo yako ikiwa tupu?"

"Lakini si tunagombana?"

"Tunagombania kibuyu," alisema, akishangaa kwamba nauliza. "Hiyo ingine ni tabia tu."

Niliona aibu. Hata kwetu sahani ya jirani hairudishwi bila kitu. Mama yangu alinituma mara nyingi na sahani ya watu ikiwa na ndizi mbili juu. Ila sikuwahi kufikiria kwamba bidhaa ya mtandaoni nayo inaweza kuwa chombo cha mtu. Nilimwomba aje karakana tukiangalie pamoja.

Alifika Jumanne asubuhi, sweta ya kijani, kitambaa kichwani, matope ya Ainabkoi bado kwenye viatu. Hakukaa. Alikichukua kibuyu, akakinusa mdomoni, kisha akapitisha kidole shingoni.

"Hapa ulipaka nini?"

"Vanishi, Mama."

"Mpaka ndani?"

"Mpaka pale kidole kinafika."

Nilitegemea anifokee. Alicheka hadi akajishika kiuno. "Fundi! Sasa unapaka aje rangi kwa kikombe ya mtu?"

Kisha akatoa mfukoni kijiti kilichoungua ncha, akanionyesha. Unasugua ndani ya kibuyu na kaa la kijiti, polepole, hadi unga wake ushike kila mahali, unakung'uta, ndipo unamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Unafunga, unangoja siku kadhaa. Ule weusi niliouita uharibifu ulikuwa kazi yake ya asubuhi nzima. Nilimuuliza ni mti gani, kwa nini huo na si mwingine, atajuaje kwamba maziwa yako tayari. Alinijibu yote, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa yangu ya ukutani.

"Mama, una haraka ya nini?"

Hapo ndipo alipokaa. Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Kibuyu chake, alichoachiwa na mamake, kilikuwa kimeanguka kikapasuka, na vya majirani vilikuwa na maziwa yao. Maziwa ya kwanza yalikuwa yameharibiwa na vanishi yangu. Asipomimina mengine siku hiyohiyo, Jumamosi hangekuwa na kitu cha kuwapa wageni mkononi.

"Binti yangu anasema ninunue ya pakiti nimwage ndani, watu hawatajua. Lakini mimi nitajua. Na mama ya kijana akionja, atajua kabla hajameza."

Nilimshushia vibuyu vyote saba vilivyobaki kwenye rafu. Alinusa kimoja, akakirudisha. Cha pili, akakirudisha. Nilisimama pale kama mwanafunzi anayesahihishiwa hesabu mbele ya darasa, kila moja kosa. Cha saba alikiweka chini taratibu, akaanza kufunga vizuri kitambaa chake ili aondoke.

Ndipo nikakumbuka kimoja kilichokuwa nyuma ya mbao. Nilikitupa huko kwa sababu kingeharibu picha zangu: mdomo umepasuka ukashonwa kwa waya, tumbo lina mabaka. Nilimpa huku nikijitetea kwamba hicho sikukitengeneza. Alifungua kifuniko, akaingiza pua, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Hii ilikuwa na mwenyewe," alisema. "Na alikuwa anaitunza."

Tukabadilishana, kibuyu kwa kibuyu, kesi ikaisha. Alikuwa amefika mlangoni nilipokumbuka viazi. Nilikimbia nyumbani, nikachukua ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia yaliyokuwa yameisha, nikaijaza sukari ya chai ya wageni. Alinitazama akatabasamu. "Sasa umeshika," akasema.

Jumamosi nilishika simu kuliko nilivyoshika msumeno. Kimya. Jumapili kimya. Niliogopa kuuliza. Jumatano karani wa vifurushi akapiga: "Fundi, mzigo yako imerudi tena kutoka Ainabkoi."

Njia nzima niliona ule mshono wa waya ukivuja, mama wa watu akimimina ya pakiti, mama wa kijana akiweka kikombe chini. Boksi lilikuwa dogo lakini zito. Nililipasua palepale kaunta, karani akisogea kuona.

Ilikuwa ndoo yangu ya mafuta, imefungwa kwa nailoni mara tatu. Pembeni ya kipande cha gazeti kilichobandikwa juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu: "Hii ni ya Jumamosi. Mama ya kijana aliongezewa mara mbili."

Nilifungua kifuniko. Maziwa mazito, ya kijivu, yenye vidoa vyeusi. Niliingiza pua kama nilivyomwona akifanya. Moshi tu, vanishi hakuna.

"Nikupe fomu ya malalamiko?" karani akaniuliza.

Nikamwomba kikombe.