Maji ya Chumvi ya Binti Yangu

Sijawahi kufurahia choo cha mtu kama nilivyofurahia cha binti yangu alipokuwa na miaka minane. Mtanisamehe kwa kuanza hivyo. Alikuwa amelazwa hospitalini hapa Kindu, tumbo limevimba na kukaza, anatapika maji ya kijani, na sisi wanawake wa wodi tulikuwa na swali moja tu la kuulizana kila asubuhi: bado?

Kila mtu alidhani ni minyoo. Nusu ya watoto wa mji walikuwa nayo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtia maji ya pilipili kwa nyuma, kama mama zetu walivyotufanyia sisi. Daktari, mtu mzima asiyecheka ovyo, alimpapasa tumbo chini upande wa kulia, kisha akampitisha kidole kwenye paji la uso na kukionja. Nilitaka kumwuliza kama ana akili timamu.

"Mama, ukimubusu huyu mutoto, unasikia chumvi?"

"Tangu alizaliwa, munganga. Hata shangazi zake wanamuchekaka."

Akauliza kuhusu kikohozi kisichoisha, choo chenye mafuta, na kula kwingi kusikomnenepesha. Akataja jina refu la Kifaransa, mukovisidozi. Alisema ute wa mwili wake ulikuwa mzito kama gundi tangu akiwa tumboni mwangu, na sasa ulikuwa umeziba utumbo. Ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Lakini tumbo hilo halikutaka kisu, lilitaka maji. Wakamtundikia serumu, yale maji ya chupa yanayoingia mshipani, wakampitisha mpira mwembamba puani, wakamimina humo unga wa dawa ya kikohozi, ile inayolainisha makohozi, uliokorogwa kwa maji. Unga mwingine wakautia kwa nyuma. Siku ya tatu nilipiga vigelegele, na wodi nzima ikaitikia.

"Maji na chumvi, kila siku," daktari alinisisitizia. "Akitoka jasho sana, chumvi inamuishia na tumbo itafunga tena. Jua kali, hapana."

Tukaishi hivyo miaka miwili. Nilijaza chupa asubuhi, nikatia chumvi na sukari, nikamfuata nayo huku na huko mpaka akachoka kuniona. Daktari alimaliza mkataba wake akaondoka. Mimi nikabaki askari wa chupa.

Kisha ikatangazwa kwamba mkubwa mmoja wa chama anakuja kwa ndege kutoka Kinshasa. Enzi zile mkubwa hashuki bila kuchezewa ngoma. Shule zikaamriwa kupanga wasichana kwenye uwanja wa ndege, na binti yangu, ambaye hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, akawekwa mstari wa mbele. Nilikataa. Hakulia. Angelia, ningemshinda.

"Mama, miye nimechoka kuwa mugonjwa. Siku moja tu."

Nikamruhusu. Nilimshonea kitenge cha sare kwa mkono wangu, nikampa chupa mbili, nikamwomba mwalimu amnyweshe. Mwalimu aliitika. Baadaye nilijua kwamba chupa za watoto wote zilirundikwa nyuma ya ukuta zisiharibu sura ya uwanja, na hakuna aliyethubutu kuvunja mstari wakati ndege ingeweza kutokea dakika yoyote. Nilimlaani sana mwanamke yule. Naye alikuwa na watoto na aliogopa, najua. Kujua huko hakujanipunguzia hasira, nisiwadanganye.

Walicheza tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Aliletwa amebebwa mgongoni, midomo imekauka, weupe wa chumvi umeganda mashavuni. Siku iliyofuata tumbo lilikaza. Nilimkimbiza hospitalini na sikungoja kuulizwa. Nilimweleza daktari mpya, kijana, kila kitu: chumvi, mpira, unga. Akanisikiliza hadi mwisho. Hilo linaniuma, kwamba pale sina wa kumlaumu. Alimtundikia serumu yote iliyokuwepo. Unga haukuwepo, wala hospitalini wala madukani. Aliwaomba watu wa reli wautafute Lubumbashi, na treni za siku zile zilikuja zilipotaka. Akajaribu maji ya chumvi, akajaribu mafuta. Siku ya nne utumbo ulitoboka, ikabidi ampasue.

Alipozinduka, sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nililazimika kuinama.

"Mama, mukubwa alifika?"

Hakufika. Redio ilisema jioni ya siku ile ya uwanjani kwamba safari imeahirishwa, basi.

"Alifika," nikamwambia. "Aliangalia mustari wa mbele yote. Akauliza, yule mutoto njo wa nani?"

"Ukamujibu nini?"

"Nikamujibu, njo wa kwangu."

Akatabasamu, akafumba macho. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Nimesema uongo mwingi maishani mwangu, na ule siutubu. Ninachotubu ni ile ruhusa. Naitubu hadi leo, na hata sasa sijui ningemnyimaje.