Aliyetupwa Jaani Akapelekwa Kanisani

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kaptembwa hakuna mtu aliyeruhusiwa kusema kwamba mimi ni wake. Si baba, si mama, na zaidi ya wote si nyanya yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Mgeni akiingia akasema, "Wacha! Huyu msichana mzuri ni wa nani?" Dani alimkata kauli papo hapo: "Mzuri wapi? Hicho kitu tulikiokota jaani." Kisha alinisogezea kikombe cha uji kilichojaa pomoni, kikubwa kuliko cha mtu mwingine yeyote mle ndani.

Niliunywa uji huo kwa hasira. Mtu akikupa kikombe kikubwa huku akikuita takataka, hujui ushike lipi.

Jina langu ni Awiti. Kwa Kijaluo huyo ni mtoto wa kike aliyetupwa, na mimi nilitupwa kwelikweli, sisemi kwa mafumbo. Mama alikuwa amezika watoto wachanga kabla yangu, mmoja baada ya mwingine, na kwa watu wetu kifo kikishazoea mlango wa nyumba, anayezaliwa baadaye hawekwi ndani akashangiliwa. Anatolewa asubuhi akiwa kwenye ungo, anaachwa njia panda au kwenye jaa la taka, na mwanamke mliyepatana naye anapita kana kwamba hajui lolote. Anauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" Hakuna anayejibu. Anamwokota, anakwenda naye, halafu watu wa nyumba ile wanamnunua kwa kuku. Kifo kikirudi kuuliza, kinaambiwa hapa hakuna mtoto aliyezaliwa, yuko wa kuokotwa tu. Kwa imani ya Dani, kifo hakina haja na kitu ambacho wenyewe wamekikataa.

Ila mpango huo una sharti moja: usije ukajisahau ukasema, "Huyu ni wangu." Ukisema hivyo, umekialika kifo ndani na kiti umekipa.

Yangu yaliharibika mapema. Aliyepangwa kuniokota alikuwa jirani yetu, Mama Akinyi, na Mama Akinyi asubuhi ile alikwama kwenye foleni ya maji. Dani alikuwa ameshaniweka jaani na kujibanza nyuma ya choo kuchungulia. Akatokea mwanamke wa Dundori, Mama Njeri, mgongoni ana gunia la viazi vya kuuza, anakata njia kwenda kwa wateja wake. Mama Njeri ni Mkikuyu. Mambo ya kutupa watoto ili wapone hakuwa ameyasikia tangu azaliwe.

"Ngai!" alipiga kelele. "Mtoto! Watu hawamwogopi Mungu!"

Viazi vikamwagika huko, mimi nikaishia ndani ya leso yake, na mama wa watu akatimua mbio moja kwa moja hadi kanisani, ambako akina mama walikuwa na ibada yao ya katikati ya juma. Na Dani je? Dani alibaki nyuma ya choo akiuma kidole. Angetoka akasema, "Rudisha, huyo ni mjukuu wangu," angekuwa ameharibu kazi yote. Angenyamaza, mtoto ndiye huyo anakwenda. Akakimbilia kuku wake, akamkwapua, akafuata.

Mpaka leo nikifikiria alivyoingia kanisani nacheka peke yangu. Alisimama mlangoni, kuku kwapani, akiwa anahema, akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta: "Nimesikia iko mtoto hapa. Mimi nataka kununua."

"Kununua!" Kanisa zima likasimama. "Wewe mathe, watoto wanauzwa kama sukuma wiki sokoni?" Mmoja alikuwa ameshashika ufagio, na mwingine anaulizia njia ya kwa chifu. Dani angepigwa siku ile, na angepigwa vizuri, lau si mke wa mchungaji, ambaye alikuwa mtu wa Siaya, Mjaluo mwenzake. Yeye alimtazama kuku, akamtazama mtoto, akaelewa. "Ngojeni, ngojeni jamani," akasema. "Huyu mama hajaiba wala hauzi. Huyu amefiwa sana." Akawaeleza.

Mama Njeri alikataa kuku katakata. Mtoto wa Mungu habadilishwi na kuku, alisema. Dani naye akashikilia, maana bila malipo shughuli haijaisha. Walivutana weee, mwishowe Mama Njeri akampokea kuku huku machozi yanamtoka. Lakini kabla ya kunitoa mikononi aliniinua juu mbele ya watu wote, akasema, "Bwana, nimemwokota mimi, lakini ni wako. Mtunze."

Dani hakumsamehe kwa maneno hayo. "Alimtaja," alikuwa akilalamika miaka nenda miaka rudi. "Mimi namficha, yeye anamtangaza."

Hadithi hiyo ilisimuliwa kwetu kila sikukuu, na kwa miaka mingi nilicheka pamoja na wengine. Kisha nikaingia shule. Watoto wana masikio, na Mama Akinyi alikuwa na mdomo. Kufika darasa la nne nilikuwa nimeshaitwa Awiti wa Taka mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa naitika. Nikiwa nyumbani niliwatazama wadogo zangu, waliozaliwa baada yangu salama salimini, wakiitwa "baba yangu" na "mama yangu" kwa majina ya wazee wetu, wakibembelezwa, wakisifiwa meno yakiota. Mimi sikusifiwa. Nikileta ripoti nzuri, mama aliikunja haraka akaisukuma chini ya godoro, huku ameibana midomo. Leo najua alikuwa akijizuia kupiga vigelegele. Wakati ule niliona tu ripoti yangu ikienda chini ya godoro. Niliumia sana, na sioni haja ya kusema vingine.

Mtu pekee aliyeniita "mtoto wangu" waziwazi alikuwa Mama Njeri. Kila alipoleta viazi alinitafuta. "Kaokotwa kangu kako wapi?" Yeye ndiye aliyeanza kunipeleka shule ya Jumapili, na huko nilipenda jambo dogo kabisa: mwalimu aliita majina, na ulipoitika alikutazama usoni akasema, "Mungu anakujua." Wenzangu walikuwa wakisinzia kwenye maneno hayo. Mimi nilikuwa nayangoja wiki nzima.

Nikaingia darasa la ubatizo. Tukajifunza, tukakariri, tukafuzu. Ndipo mchungaji akatangaza kwamba siku yenyewe, kila mtoto atakapofika mbele, ataulizwa, "Ni nani anayemleta mtoto huyu?" na mtu wa nyumbani kwake asimame aseme, "Ni wetu."

Nilipofikisha habari hiyo nyumbani, baba alichukua kofia akaenda kazini saa nzima kabla ya zamu. Mama aliketi. Dani, aliyekuwa akichambua omena, dagaa wa kwetu, hakuinua hata macho.

"Siku mtakayosimama mbele ya watu mkasema huyu ni wetu," alisema, "ndiyo siku mtakayotafuta jembe la kuchimba."

"Dani, lakini ni kanisani," nikasema.

"Kifo hakijui kanisa? Hao wanaozikwa kila Jumamosi wanatokea wapi?"

Na wiki ile ile, kabla hata mtu hajayasema maneno hayo, nikaanguka. Kikohozi, homa, mbavu zinachoma nikivuta hewa. Zahanati wakasema ni mapafu, wakanidunga sindano, wakampa mama dawa. Dani hakusema, "Niliwaambia." Hakuwa mtu wa aina hiyo. Alikaa kando ya kitanda akinikanda kifua kwa maji ya moto, akinong'ona, si kwangu: "Takataka tu hii. Takataka tu. Mnataka nini na takataka?"

Homa iliposhuka mama alikuwa ameshaamua: ubatizo basi. Nilimwita aketi karibu nami.

"Mama, mimi ni wa nani?"

Alifungua mdomo. Niliona jibu limemfika hapa kooni. Akalia, akatoka nje.

Ndipo nikaamua, na uamuzi ule sijawahi kuujutia hata siku moja. Nilimwambia Dani nitakwenda Jumapili peke yangu, na nikiulizwa nani ananileta, nitasema nimejileta, mimi ni wa Mungu, yeye alishaambiwa tangu nikiwa mchanga na hajanikana. Nilikuwa na miaka kumi na mwili umebaki mifupa, lakini nilisema nikiwa nimemkazia macho. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Najua tu kwamba nilikuwa nimechoka kufichwa, na kwamba kama kweli yuko anayenijua, basi nilitaka kwenda akiniona.

"Nenda," Dani akasema. "Mimi siji."

Jumapili ile kulikuwa na baridi ya mvua inayotoka mlimani Menengai. Mama alinifuata dakika ya mwisho, amejifunga kanga kichwani, na akaketi kiti cha mbele. Watoto wakaanza kupita. "Ni nani anayemleta mtoto huyu?" "Ni wetu!" Familia nyingine zilijibu kwa kelele, shangazi na wajomba, watu wakacheka. Zamu yangu ikafika.

"Ni nani anayemleta mtoto huyu?"

Mama akasimama. Akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Mchungaji akangoja. Akauliza tena, polepole. Mama akatikisa kichwa, akanitazama kama mtu anayeomba radhi. Mama Njeri alikuwa upande wa pili na nilimwona akijinyanyua, maana yeye hangeniacha vile. Mimi nikavuta pumzi niseme yangu niliyoyaandaa.

"Ni wangu."

Sauti ilitoka mlangoni. Dani alikuwa amesimama pale, viatu vya plastiki vimejaa matope, amelowa. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Akaja katikati ya kanisa, taratibu, akisema kwa Kiswahili chake kilekile, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Huyu ni wangu. Mjukuu yangu. Mimi ndio nilitupa yeye kwa mkono yangu hii, sababu nilikuwa nampenda na niliogopa. Leo nasema kwa nguvu. Kama iko kitu inadai huyu mtoto, isikie vizuri: ikuje idai mimi. Mimi niko hapa. Mimi ni mzee, nimeshakula."

Akanishika bega. Alinishika kwa nguvu hata nikaumia, na hakuniachia wakati maji yanamiminwa, yakamlowesha na yeye. Mchungaji alipouliza jina, wapo walionong'ona kwamba sasa nipewe jina zuri la Biblia, lile la kutupwa lizikwe. Nilisema, "Awiti." Lilikuwa jina langu. Lilikuwa na machozi ya mama na mbio za Mama Njeri ndani yake, na sikuona kwa nini Mungu alionee haya.

Mama alipata sauti tulipotoka nje. Alipiga vigelegele peke yake kwenye uwanja wa kanisa, kwa ripoti zote zilizokuwa chini ya godoro, mpaka watu wa boda boda wakauliza kuna harusi ya nani.

Sikufa, kama unavyoona. Dani naye aliishi miaka mingi baadaye, lakini wiki zile za kwanza alikuwa akinigusa shingo kila asubuhi kupima joto, na alipokuwa akikohoa kidogo alitega sikio, kama anayesikiliza mtu barazani. Hakuacha kuogopa. Watu wa kanisani walipenda kusema kwamba siku ile nyanya alishinda ushirikina. Mimi huwa nawakatalia. Dani hakuacha kuamini hata chembe. Alitembea kwenye matope akiamini kabisa kwamba maneno yale yangemuua.

Leo niko Karagita, nalea watoto ambao mama zao wanaamkia kwenye mashamba ya maua. Nimesoma theolojia kidogo, jioni, kwa kujinyima, na siku nyingine naombwa kuhubiri. Nimejua mimi ni nani na niliitiwa nini, na hilo halinisumbui tena. Vijana huniuliza ni lini niliuelewa msalaba, wakitegemea nitawatajia mkutano mkubwa au mhubiri fulani. Nawaambia nilikuwa na miaka kumi, kanisani, kabla mahubiri hayajaanza. Bibi kizee aliyelowa alijiweka kati yangu na kifo, akakiambia kimchukue yeye, kisha akanishika bega hadharani na kusema mimi ni wake. Kwa habari ya kifo, nadhani Dani alikosea. Kwa habari yangu alisema kweli, na mimi nimeishi kwa neno hilo.