Popo wa Darasa la Nne B

Harufu ya mavi ya popo haifanani na nyingine yoyote. Ni kali kama mkojo uliolala, halafu nyuma yake kuna kitu kama vumbi la dagaa waliosahaulika kabatini. Kazi yangu siku hizi ni kukagua majengo ya zamani kabla hayajafanyiwa ukarabati. Mwezi uliopita nilipanda ngazi kwenye nyumba moja kuukuu huko Mbezi Beach, nikasukuma kifuniko cha dari, na harufu ile ikanipiga usoni. Mwenye nyumba, aliyekuwa chini ameshika ngazi, akaniuliza kama nimeona nyoka, maana niliganda pale juu. Sikuona nyoka. Nilikuwa nimerudi Temeke, nina miaka kumi, nimebanana na Rehema kwenye dawati la tatu kutoka mlangoni.

Shule yetu ilikuwa na majengo mawili, moja jipya na moja la zamani. Sie wa darasa la nne B tulikaa kwenye la zamani: kuta nene, madirisha ya mbao, bati lililoiva kutu, na dari la hadibodi lenye madoa ya kahawia ambayo tulishayapa majina. Kulikuwa na doa la Ziwa Viktoria, na doa la kichwa cha Mwalimu Mkuu. Juu ya dari hilo waliishi popo. Si wale wakubwa wanaogombania maembe na watu. Hawa walikuwa wadogo, mtu angeweza kumfunika mmoja kwa kiganja. Asubuhi tulifika tukakuta punje nyeusi zimetapakaa juu ya madawati, tukafagia, tukakaa, tukasoma. Mchana jua likikolea bati lililia, na wao wakalia, na mwalimu akapandisha sauti. Tulizoea. Mtoto huzoea chochote anachokikuta.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama yangu. Nyumbani nilimwita Mama, lakini tukishavuka geti la shule nililazimika kumwita Mwalimu kama wenzangu, na nikijisahau darasa zima lilikufa kwa kicheko. Wazazi walimwita Mwalimu Koku. Alitoka Bukoba, na miaka yote ya Dar haikumwondolea ile lafudhi yake ya kuyabembeleza maneno, hata anapogomba.

Rehema alikuwa rafiki yangu na alikuwa na kifua. Ndivyo tulivyosema, "Rehema ana kifua," kama vile sie wengine hatukuwa nacho. Akikimbia kidogo, pumzi ilimtoka kwa mluzi. Mwaka ule, mvua za vuli zilipoanza na unyevu ukaingia darini, kifua kilizidi. Siku moja, katikati ya somo la hesabu, aliinama juu ya daftari nikadhani anatafuta kifutio. Kumbe alikuwa anatafuta hewa. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Mama alimbeba mgongoni, mtu mzima mwenye viatu vya kisigino, akakimbia naye mpaka barabarani kutafuta bajaji. Rehema alilazwa siku nne. Watu wakaanza kuangalia juu.

Ndipo akaitwa Fundi Chilumba. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mwembamba, mwenye penseli isiyotoka sikioni. Zamani alichonga vinyago. Macho yalipoanza kupungua akahamia kwenye mapaa. Wote tulitegemea aje na misumari, apigilie, aondoke. Yeye alikuja na kigoda. Siku tatu mfululizo, jioni jua likizama, alikaa uwanjani akilitazama paa kama mtu anayeangalia mpira. Mie nilikuwa namsubiri Mama amalize kusahihisha madaftari, nikasogea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mtoto wa Mwalimu. Unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Basi hesabu wanaotoka. Mie natafuta wanapotokea."

Walitoka kwenye upenyo chini ya bati, mmoja, watatu, halafu kama moshi. Nilihesabu mpaka nikachanganyikiwa. Yeye alichora kila tundu kwenye kipande cha boksi. Jioni ya tatu, anga ilipokwisha kutulia, alinishika bega akaniongoza mpaka ukutani.

"Sikiliza. Wakubwa wote wameshatoka. Sasa nani anaongea humo ndani?"

Niliweka sikio. Kulikuwa na sauti nyembamba, nyingi, kama njiti za kiberiti zinazosuguliwa pamoja.

"Wana watoto," akasema. "Hawajui kuruka bado. Tukiziba leo, mama zao watabaki nje, wao watabaki ndani." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesoma vipimo.

Kamati ya shule ilikutana darasani kwetu siku iliyofuata. Mie nilikuwa nje, chini ya dirisha, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Mwenyekiti, Mzee Kibwana, alikuwa na haraka kwa sababu kulikuwa na wageni wanaokuja kuona shule ilivyokarabatiwa. Fundi alitandaza boksi lake juu ya dawati. Akaeleza kwamba paa lile ni refu na mwisho wake upo juu ya stoo, ambako hakai mtu. Angejenga ukuta wa mbao humo darini, kati ya darasa na stoo. Upande wa darasa angeuziba wote, asafishe, aweke hadibodi mpya. Upande wa stoo angewaachia popo matundu yanayoelekea uwanjani, na chini yao atandike bati la kupokea uchafu, liwe linavutwa na kumwagwa kwenye bustani ya mchicha.

"Kwa hiyo unataka tuwajengee popo nyumba?" Mzee Kibwana akauliza, na watu wakacheka.

"Nyumba wanayo tayari, Mwenyekiti. Nataka kuwahamisha chumba."

Hata Mama alitabasamu. Nilimwona kupitia upenyo wa dirisha. Halafu akauliza, "Fundi, itachukua muda gani?"

"Wiki sita, Mwalimu. Mpaka wachanga waruke. Kabla ya hapo tusizibe kitu."

Kulikuwa na mwanamke amekaa dawati la nyuma, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa Mama Rehema. Akasimama.

"Mie mambo ya popo siyajui," alisema. "Mwanangu ametoka hospitali jana. Daktari kasema vumbi. Mie nawauliza nyie, arudi darasani au asirudi?"

Chumba kingine hakikuwepo. Kwenye lile jengo jipya watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati moja. Wote wakamgeukia Mama. Na mie, chini ya dirisha, nilikuwa na uhakika kabisa na atakachosema, kwa sababu huyu ndiye aliyenifundisha kumtoa mende nje kwa ufagio badala ya kumkanyaga.

"Wiki sita," Mama alisema polepole, "Rehema atakuwa anavuta nini?"

Fundi akaitazama michoro yake.

"Zibeni," Mama akasema.

Nilimfuata Fundi mpaka getini, nikamwuliza kwa nini asikatae. Aliniambia kwamba akikataa wataleta mtu wa kufukiza moshi na sumu, na hapo watakufa wakubwa na wadogo. "Mie angalau nitangoja wakubwa watoke," alisema. Nilimwona mwoga. Niliwaona wote waoga.

Aliziba jioni ya Ijumaa. Popo walipomaliza kutoka, alipanda ngazi na wavu wa waya, akaenda tundu kwa tundu kama alivyoyachora, nyundo ikigonga bila kupumzika. Hakuwa amefika mwisho pale wa kwanza walipoanza kurudi. Walikuja moja kwa moja mahali walipopazoea, wakaugonga wavu, wakazunguka, wakaja tena. Wengine waliushika kwa kucha wakaning'inia pale, midomo imeelekea ndani. Mama alinivuta mkono twende nyumbani.

Jumatatu tulirudi darasani. Madawati yalikuwa yameoshwa kwa dawa, sakafu inang'aa, hakuna punje hata moja. Mama akaandika tarehe ubaoni. Na juu yetu wakaanza.

Sijui niwaelezeje. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa sauti ileile ya njiti za kiberiti, ila sasa haikukoma. Mama alifundisha kugawanya kwa njia ndefu. Alipandisha sauti, tukapandisha sauti kumjibu. Aliponyamaza tuandike, tuliisikia. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, wanalia," na Mama akamwambia, "Andika." Jumanne sauti ilikuwa imepungua. Nilimchukia mama yangu kwa chuki nzima nzima ambayo mtoto wa miaka kumi anaiweza.

Jumanne hiyohiyo Rehema alirudi, amevalishwa sweta katikati ya joto la Dar, kama mtu anayesafiri kwenda kwenye baridi ya Njombe. Nilimweleza yote. Saa ya mapumziko tulibaki ndani, tukapandisha kiti juu ya dawati, nikachukua ufagio mrefu wa kutolea utando wa buibui. Rehema alishika kiti. Nilichokonoa lile doa la Ziwa Viktoria, ambako hadibodi ilikuwa imelainika kwa mvua. Vumbi likatumwagikia. Rehema akaanza kukohoa, nikamwambia ajikaze kidogo, kidogo tu. Likatoka tundu la kuingia vidole viwili. Tukangoja. Akaanguka mmoja.

Alianguka juu ya daftari langu. Hakuwa na manyoya, alikuwa na ngozi ya waridi iliyokunjamana na masikio makubwa kuliko kichwa. Rehema akamchukua kiganjani huku bado anakohoa, mluzi unamtoka. "Ana moto," alisema. "Mguse, ana moto."

Mama alitukuta hivyo. Nilijikunyata kungoja kofi. Aliangalia tundu, akaangalia vumbi juu ya sweta la Rehema, akamsikiliza anavyopumua. Kwanza alimtoa nje, akamkalisha barazani, akampa maji. Ndipo akarudi akanyoosha mkono, nikamkabidhi yule mchanga. Alivua viatu, akapanda juu ya tofali kule nje, akamwegesha kwenye ufa wa ukuta chini ya wavu, ambapo usiku uliopita popo wakubwa walikuwa bado wanakuja kugonga. Kunguru wawili walikuwa wamekaa juu ya bati wakitutazama.

Asubuhi ufa ulikuwa mtupu. "Mama yake amemchukua," Mama aliniambia. Nililiamini neno hilo miaka mingi, hata baada ya kuwajua vizuri kunguru wa Dar es Salaam.

Jumatano kukawa kimya. Ijumaa nzi wakaja, na wiki iliyofuata harufu ikawa kali kiasi kwamba hakuna aliyeweza kukaa. Wageni wa Mzee Kibwana walitembezwa jengo jipya tu. Fundi Chilumba alirudi, akajifungia ndani peke yake, akabomoa dari lote, akatoka na gunia begani. Hakutaka tumsaidie wala tumwone. Ule ukuta wake juu ya stoo alikuja kuujenga baadaye, na matundu yakaachwa, bila kuombwa na mtu. Hakurudi popo hata mmoja. Mwaka uliofuata wakahamia nyuki, shule ikafungwa siku mbili.

Na Rehema aliendelea kukohoa. Hilo ndilo nililokuwa silielewi. Dari lilikuwa jipya, jeupe, halina doa la kupewa jina, naye mluzi ulikuwa palepale. Kabla hatujamaliza darasa la sita mama yake alipata sehemu ya biashara Tandale sokoni, wakahama. Sijamwona tena. Nimemtafuta kwa njia zote ambazo watu hutafutana siku hizi.

Niliporudi kutoka ile nyumba ya Mbezi Beach nilikwenda kumwona Mama. Amestaafu, magoti yanamsumbua. Nilimkuta anachambua mchele, nikamwuliza kitu ambacho kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza: alijua kwamba popo walikuwa na watoto?

"Si Fundi alisema?"

"Na ulijua kwamba Rehema hatapona?"

Alichambua kidogo. Kisha akaniambia kwamba siku Rehema aliporuhusiwa hospitali, yeye ndiye aliyewasindikiza nyumbani kwao. Mama Rehema alikuwa anauza mkaa. Nilikuwa najua, mtaa mzima ulijua. Ila sikuwahi kujiuliza anauweka wapi.

"Walikuwa na chumba kimoja," Mama alisema. "Magunia yamepangwa mpaka dirishani, na kitanda cha mtoto kimeegeshwa kwenye magunia, vumbi jeusi mpaka kwenye shuka. Yule mama aliniangalia, nikaona anajua. Alijua kabla yangu. Angeyapeleka wapi? Nje yaibiwe, yanyeshewe? Tukanywa chai. Hatukulizungumza."

Akapuliza pumba kutoka kwenye ungo.

"Kesho yake kikao kikaniuliza kuhusu dari. Dari nilikuwa naliweza."