Sikio Moja Mlimani

Sikio langu la kushoto halisikii tangu utotoni, lilipotoka usaha mwezi mzima. Mwenye masikio mawili hutambua sauti inatoka wapi kwa sababu hufika sikio la karibu mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi. Kwangu mimi kila kitu kilitoka kulia: jogoo, kengele ya kanisa, bunduki.

Wakati wa vita, asubuhi moja, tulikuwa tunapalilia maharagwe mlimani, juu ya kijiji cha Vulamba: mimi, watoto wangu wawili na mama mkwe. Risasi zikalia. Nikambeba mdogo, nikamshika mkubwa mkono, nikakimbilia kushoto. Mama mkwe akanivuta nikaanguka. Nilikuwa nawapeleka wanangu kwa askari.

Niliona aibu, halafu nikakasirika. Nikamwomba anifundishe. Akawa anajificha kwenye migomba na kugonga jembe kwa jiwe, nami nafumba macho na kuonyesha kidole. Siku tatu nilikosea tu, naye hakunicheka, jambo ambalo si kawaida yake.

“Fungua kitambaa,” akasema siku ya nne. “Inafunika sikio yenye iko muzima.”

Kwa akina mume wangu, mke wa mtoto hakai kichwa wazi mbele ya mama mkwe.

“Mais mama,” nikapinga, “na heshima?”

“Heshima haitakimbiza batoto. Fungua.”

Nikafungua, nikaona haya kama niko uchi. Lakini sasa, nikigeuza kichwa polepole, mlio ulikua na kupungua. Ulipokuwa mkubwa kabisa, sikio langu lilikuwa limeuelekea. Nikaapa sitakimbia tena kwa mlio wa kwanza.

Risasi ziliporudi, mama mkwe alikuwa ameenda mjini Beni. Majirani wakateremka mbio kuelekea mtoni. Mimi nikavua kitambaa mbele yao wote, nikasimama. Mkubwa, wa miaka mitano, alinivuta gauni akilia. Sikumwuliza anasikia mlio ukitoka wapi, mzigo huo haukuwa wa mtoto. Mlio wa pili, nikageuka. Wa tatu, nikageuka tena. Mtoni. Nikawaita majirani warudi, nikaita mpaka koo likauma. Wawili tu walinifuata.

Tukapanda. Sikusimama. Tulipovuka kilele risasi zililia tena, nyingi. Mwanangu mkubwa akageuka, akanyoosha kidole kule chini walikoenda wengine. Nikamgeuza kichwa kwa mkono wangu, tukaendelea kutembea.